Sifa za Kisu cha Kichina

4 Februari

Kwako binamu yangu, Mama Miche,

Kama barua hii imekukuta umesimama, kaa. Kama umekaa, basi acha kumkaripia mtu mpaka uimalize. Sisi huku wazima. Mama yangu, shangazi yako, goti limetulia na sasa anapanda ngazi za nyumba peke yake, akizilaani moja moja. Mke wangu anakusalimu. Anasema urudi, maana tangu uondoke hakuna mtu anayenisema nikanyamaza.

Kabla ya yote nina neno ambalo lilinishinda siku ile ulipopanda gari kurudi kwenu. Uliacha kazi yako na nyumba yako ukaja kumwuguza mama. Ulimwogesha, ulimlisha, ulimgombeza alipokataa dawa, na alipoanza kutembea ukafunga mizigo hata bila kungoja asante. Mimi nikabaki stendi nakupungia mkono kama bubu. Sasa nasema kwa kalamu: asante, binamu. Mama yangu yuko hai kwa mikono yako.

Pamoja na barua hii dereva wa lori letu atakupa kifurushi. Ndani yake mna kisu cha kukunja. Ndiyo, cha Kichina, na najua umeshaanza kucheka. Cheka umalize, kisha unisikilize mimi ninayeshinda ghalani kwa Tajiri nikifungua makatoni. Kufuli, tochi, bawaba, visu, vyote hupita mkononi mwangu kabla havijafika dukani. Watu wakisikia Mchina wanasema takataka. Mimi nasema Mchina anatengeneza alichoagizwa. Mwagize takataka, atakuletea takataka safi kabisa, na kwa wakati. Tajiri wetu miaka yote amekuwa akiagiza vile visu ambavyo ukivichoma kwenye chungwa vinapinda, halafu mteja akirudi analaumiwa Mchina.

Safari hii nimemshawishi aagize sampuli za daraja la juu kidogo. Nimekijaribu kimoja, mwenzake hiki chako, mpaka nimeona haya. Bapa halichezi kushoto wala kulia. Kimeninyoa nywele za mkono, mke wangu akaniuliza nimeungua na nini. Nimekilaza kwenye maji ya chumvi kikatoka bila doa. Lakini mimi ni mkata kamba za makatoni tu, na hakuna kazi inayokidai kisu kama yako ya kubebesha miche. Kitumie, kisha uniambie ukweli. Ukisema kizuri, Tajiri ataagiza makatoni mengi, na nimempa neno langu kwamba nitasema utakachosema wewe. Kwa nini wewe? Kwa sababu tangu utotoni hujawahi kunisifu hata kwa bahati mbaya.

Chako sijakigusa. Kimo ndani ya karatasi yake kama kilivyotoka kiwandani, uwe wa kwanza kukifungua.

Msalimie mkaza mjomba. Mwambie nimeacha kukoroma.

Binamu yako,
Bwana Makatoni


27 Februari

Bwana Makatoni,

Umeacha kukoroma lini, na nani shahidi? Mama yangu amecheka mpaka amekohoa. Yuko salama, ila macho yanamsumbua, anatia chumvi kwenye chai na kunilaumu mimi kwa kuweka mikebe inayofanana. Binti yangu amefaulu mtihani, amekuwa na kiburi hadi anasahihisha namna ninavyosalimia watu. Simu yangu ilitumbukia kwenye pipa la maji ya miche, kwa hiyo tuendelee na kalamu. Isitoshe kwenye barua huwezi kunikatiza.

Kisu kimefika. Sikiliza, nilikuwa nimeandaa matusi ya kutosha barua mbili. Nikafungua ile karatasi yake, nikakikunjua, matusi yakaniishia. Kinang'aa! Kinateleza kufunguka kama kimezaliwa jana. Unajua huku tulikuwa tunatumia nini? Nusu ya wembe, au kisu cha Bi Miwani mwenye kitalu, ambacho asubuhi kinabebesha michungwa na mchana kinamenya viazi. Nimefanya kazi hii tangu sijaolewa na sikuwahi kuwa na kisu kinachoitwa changu. Nimekitembeza kitalu kizima. Mpaka mwagiliaji akaniuliza kama nimechumbiwa.

Kila jioni nakirudisha kwenye karatasi yake ileile, nakifunga vizuri kama kilivyofika, nakiweka mfukoni mwa aproni. Binti ananiita mwendawazimu. Mtoto wa leo hajui zawadi inavyotunzwa.

Na kimekuja wakati wake. Kuna mteja ameagiza michungwa mingi, anaitaka kabla ya mvua za vuli. Bi Miwani amenikabidhi meza nzima: nachukua kitawi cha mchungwa mtamu, nakichonga, nakiunga juu ya mche wa mlimau ulio mgumu wa mizizi, nafunga kwa utepe wa nailoni, tunasubiri vishikane. Vikishikana, mimi nitakuwa mkuu wa meza ya kubebesha, mwajiriwa wa mshahara wa mwezi, niachane na kibarua cha leo upo kesho haupo. Visiposhikana, kuna mkwe wa Bi Miwani anainyemelea meza hiyo, anapita pita nyuma yangu mikono mfukoni, anasema "Sijui mimi" kila ninapomaliza mche.

Nitakuandikia matokeo. Asante mpaka nakosa la kuongeza. Shangazi nilimwuguza kwa sababu ni shangazi yangu, hukuwa na deni. Lakini kisu sirudishi.

Mama Miche


2 Aprili

Binamu,

Huku kwetu salama, sijui huko. Barua yako ya Februari ilinifurahisha nikaisoma kwa sauti mara mbili, ya pili mama akaniomba nipunguze kujigamba. Baada ya hapo, kimya. Dereva amerudi mara mbili mikono mitupu. Nikamwuliza, "Umemwona?" Akasema, "Nimemwona, anamwagilia." Nikasema haiwezekani, yeye yuko mezani, anabebesha. Dereva akasema yeye anaendesha lori, hayajui ya mezani.

Mke wangu amepata kibanda kidogo cha kushonea karibu na soko. Mama anamsaidia kupiga pasi na kuwafukuza wateja wasumbufu. Tukuombee nini? Andika hata mstari mmoja. Tajiri ananiuliza kila asubuhi, "Binamu yako amesemaje?" nami nasema barua iko njiani. Nimechoka kuisafirisha barua ambayo haijaandikwa.

Bwana Makatoni


14 Aprili

Mpendwa binamu,

Salamu kwa shangazi, kwa mkeo na hongera kwa kibanda. Mama hajambo. Paa la jikoni lilivuja, tumeliziba. Jirani yetu mshona viatu amehama, sasa tunatembea mwendo mrefu kwa kisigino tu. Binti amepata vidonda vya koo lakini amepona. Hali ya hewa nzuri. Kuku wametaga.

Kisu ni kizuri sana, hakina kasoro yoyote. Nakushukuru mno kwa zawadi hii ya thamani. Mwambie Tajiri aagize.

Wako,
Mama Miche


26 Aprili

Binamu yangu,

Nimepata barua yako, lakini sijui nani ameiandika. "Mpendwa binamu"? Lini niliwahi kuwa mpendwa? Mara ya mwisho uliniita kichwa cha bawaba.

Nimemsomea mama. Nilipofika kwenye kuku wametaga akanizuia. Akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Akasema, "Hajataja mche hata mmoja. Huyu mtoto analia." Nikamwambia mbona amekisifu kisu. Mama akasema, "Ndiyo hapo anapolilia."

Sasa nakuuliza kwa haki ya utani wetu, ambao hauna heshima na ndiyo maana hauna uongo. Mtu ambaye hakuwahi kusifu hata harusi yangu anaandika kwamba kisu cha Mchina hakina kasoro yoyote? Hata mimi niliyekichagua najua kasoro zake mbili. Tajiri nimempelekea barua yako kama nilivyoahidi. Amefurahi, na mwisho wa Mei anaagiza.

Kimya kingi kina mshindo, binamu. Mshindo wenyewe ni upi? Kama kisu ni kibaya, sema ni kibaya. Ghala halitaniangukia. Nitakaloshindwa kulibeba ni wewe kuwa na shida kwa ajili yangu na kunificha kwa adabu.

Bwana Makatoni


10 Mei

Kichwa cha bawaba,

Haya. Mama yangu mzima, binti mzima, mimi si mzima sana. Shangazi mwambie amepatia, kama kawaida yake.

Miche imekufa. Si yote, lakini iliyobaki haifai kumwonyesha mtu. Mwanzoni vitawi vilikaa kijani nikapata matumaini, kisha vikaanza kuwa vyeusi kuanzia pale nilipounga. Nilipofungua utepe, kitawi kilitoka chenyewe mkononi mwangu kama mguu unaotoka kwenye kiatu kikubwa. Havikushikana hata kidogo. Na nilikata vizuri! Niamini, sijawahi kukata hivyo maishani, kisu kile kinapita kwenye gome bila kulichubua. Pale nilipokata palibaki laini na palikuwa na mng'ao fulani, kama juu ya mchuzi uliopoa. Nikarudia trei nyingine, yakawa yaleyale. Mkwe wa Bi Miwani akabebesha trei yake kwa nusu ya wembe, yenye kutu ukitaka kujua, na yake ikachipua. Sasa hasemi tena "Sijui mimi." Sasa anapiga mluzi.

Bi Miwani hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alivua miwani, akaifuta, akaniambia, "Mwanangu, pumzika kidogo mezani." Tangu hapo nabeba mpira wa maji. Dereva wako alisema kweli. Imebaki trei moja ya milimau dhaifu ambayo mkwe ameikataa. Nayo itatupwa mwezi ujao kupisha mbegu mpya. Mkuu wa meza atatangazwa mzigo wa michungwa ukishaondoka, na nadhani jina tunalijua.

Utaniuliza kwa nini nilikudanganya. Nilikaa na kalamu jioni nyingi. Wewe uliniandikia kwamba mama yako yuko hai kwa mikono yangu, ukanitumia kitu cha kwanza kuwa changu katika kazi yangu yote. Ningekujibuje kwamba zawadi yako imeniondoa mezani? Nikasema atakayeumia ni mimi peke yangu, yeye apate sifa zake. Sikufikiria makatoni. Nilipofikiria makatoni barua ilikuwa imeshaondoka, nikawa naona wanawake wengine kwenye vitalu vingine wakifungua karatasi ile kwa furaha kama yangu. Hapo nililia, shangazi hakukosea hata siku.

Zuia Tajiri asiagize. Pengine chuma chenyewe kina sumu, pengine mkono wangu umezeeka, sijui. Mimi bado nakifunga kwenye karatasi yake kila jioni. Nimeshindwa kukichukia.

Mama Miche


17 Mei

Binamu! Binamu!

Salamu baadaye, wote wazima. Dereva nimemsimamisha langoni na injini inanguruma, naandikia juu ya katoni.

Mafuta! Huo mng'ao wa mchuzi ni mafuta! Kila kisu cha kukunja kinachotoka kiwandani kinapakwa mafuta mazito kisipate kutu njiani. Yanajaa ndani ya ule mfereji wa mpini ambamo bapa linalala, na karatasi yake nayo imelowekwa mafuta hayohayo. Mimi navisafisha vyote kabla ya kwenda dukani, ndiyo kazi yangu, mikono yangu inanuka mafuta ya taa mpaka mke wangu hataki niguse mkate. Chako peke yake sikukisafisha. Nilitaka ukikute kipya, uwe wa kwanza. Nikakupakia mafuta kwa mapenzi. Nawe kwa mapenzi ukawa unakirudisha kwenye karatasi kila jioni kikalewe tena. Ungekuwa mtu asiyethamini zawadi, ungeitupa karatasi siku ya kwanza na miche ingepona!

Jana usiku nyumbani nilicheka, kisha nikakaa sakafuni nikalia kama mtoto. Mama akasema sasa tuko sawa, mmoja analia huku, mmoja huko.

Fanya hivi. Choma karatasi. Maji ya moto na sabuni, kifungue na ukifunge ndani ya maji mpaka mkono uchoke. Kisha kitambaa kwenye ncha ya kijiti, sugua mfereji wote, mara ya pili na ya tatu, mpaka kitambaa kitoke cheupe. Halafu nenda kwa Bi Miwani. Usitume mtu, usizunguke mbuyu. Mwambie yote, mpaka ujinga wangu, na umwombe ile trei inayotaka kutupwa.

Tajiri nimemwambia leo asubuhi, kabla sijavua koti. Nimesema ile barua ya sifa haikuwa ushahidi, ilikuwa shukrani. Aliniangalia sana. Akasema, "Kwa hiyo hatujui lolote." Nikasema hatujui. Ameahirisha kuagiza, na tangu hapo hanisemeshi ila kwa kidole. Sijali. Kama trei itachipua nitamwambia imechipua, na ikifa nitamwambia imekufa, na wewe utaniandikia hivyohivyo. Umesikia? Nimeshakula sifa zako, hazishibishi.

Dereva anapiga honi.

Bwana Makatoni


5 Agosti

Binamu,

Mama hajambo. Tumempatia miwani, ya kuazima kwa Bi Miwani mwenyewe ambaye ana tatu, na jambo la kwanza aliloliona vizuri ni vumbi langu juu ya kabati. Binti anawasalimu. Anauliza kama kibanda cha mkeo kinahitaji msahihishaji. Mwambie mkeo gauni alilonitumia linanitosha vizuri, ila kiunoni amenikumbuka nilivyokuwa zamani.

Kuchelewa kwangu safari hii si kwa kuficha. Nilikuwa nasubiri niwe na kitu cha kweli cha kuandika.

Siku ileile nilipopata barua yako nilichoma karatasi. Nitasema kweli, mkono ulisita. Nikakichemsha kisu, nikakisugua. Kitambaa cha kwanza kilitoka na uchafu mweusi kama lami, nikakaa kitako nikakitazama. Hicho ndicho nilichokuwa nakipaka kwenye kila kidonda cha mche, halafu namlaumu Mungu.

Nikaenda kwa Bi Miwani na kitambaa mkononi. Mkwe wake alikuwepo, akinywa chai. Nilitaka kungoja atoke, nikasema hapana, leo kisu kimefika mfupani. Nikaeleza. Nilipofika kwenye karatasi ya kila jioni mkwe alicheka mpaka chai ikampalia. Bi Miwani hakucheka. Akanusa kitambaa. Akaniuliza, "Mbona hukuniambia siku ya kwanza kwamba una kisu kipya? Ningekuuliza umekiosha." Nikamjibu kwamba nilikitembeza kitalu kizima, yeye peke yake sikumwonyesha, niliogopa atakiazima kumenyea viazi. Hapo ndipo alipocheka. Akasema, "Kachukue hiyo trei."

Nilibebesha milimau ile dhaifu peke yangu, nje ya zamu, baada ya kumaliza kumwagilia. Nikafunga, nikafunika, nikaanza kungoja. Sikula vizuri, na binti akakoma kunisahihisha, ndipo nikajua hali yangu ni mbaya. Asubuhi moja nikaona kwenye mche wa pembeni chipukizi dogo la kijani, ncha tu, kama mtoto anayechungulia mlangoni. Nilimwita mwagiliaji aje anithibitishie, sikuyaamini macho yangu. Kisha likaja jingine. Karibu trei nzima imeshika, na mashina yake yalikuwa yale yaliyokataliwa.

Mzigo wa michungwa ulishaondoka na mkwe ndiye mkuu wa meza, sitakuficha. Alistahili, trei zake zilichipua. Lakini Bi Miwani amefungua meza ya pili, ya milimau na michenza, amenipa mimi, na kuanzia mwezi huu mimi ni mwajiriwa wa mwezi. Jana mkwe alikuja kuazima kisu changu. Nikamwambia, "Sijui mimi."

Sasa ushahidi wako. Msomee Tajiri mstari kwa mstari, usiruke kitu. Mpini wa plastiki umeanza kupasuka karibu na ribiti inayoshika bapa. Springi imelegea kidogo, nikikikunja sisikii tena ule mlio wa mwanzo. Makali yanadumu mpaka adhuhuri, kisha lazima kinoo. Kijishimo cha kutia ukucha ukikifungua ni kidogo, mikono yenye matope inahangaika. Hakitarithiwa na wajukuu. Ila kinakata sawasawa, hakichubui gome, hakishiki kutu, na mwanamke wa kibarua anaweza kukinunua bila kuuza kuku. Kisitoke ghalani bila kuoshwa. Kwa masharti hayo, aagize.

Kuhusu mimi na wewe, zile shukrani zangu za Aprili zifute. Zilikuwa za mtu anayeogopa. Ulinitumia kisu chenye mafuta, kikaniharibia miche, kikanifanya nilie na nichekwe, na kwa kisu hichohicho nimepata meza yangu. Nimeyaandika yote bila kuacha.

Asante, binamu. Hii ya leo iamini.

Mama Miche